Maili za Bure Hulipwa na Nani?



Wapo wanachama wetu wenye watoto, kaka na dada huko Marekani. Wapo pia wanachama ambao wake zao, waume zao na vijana wao wanafanya kazi Kigobe, upande wa kaskazini wa Bujumbura, mahali lilipo jumba la Bunge na majumba mengi ya wageni na ya wakubwa. Huko ni wapishi, walinzi, madereva, madobi na watunza bustani. Kutoka pande hizo mbili linatujia swali moja. Je, ni kweli kwamba iko kadi ya benki ya Marekani ambayo mtu akinunulia nyama na sabuni tu, inampa tiketi ya ndege bure? Na je, mtu anayeishi hapa kwetu anaweza kuipata?

Tunajibu kwa ufupi. Kadi hiyo iko. Mtu anayeishi hapa anaweza kuipata, ila si kila mtu, wala si kwa njia ya mkato. Lakini liko swali la tatu ambalo hatukuulizwa, nalo kwa mfanyakazi ndilo kubwa kuliko yote: kama mwenye kadi amepanda ndege bure, nauli yake imelipwa na nani? Ndege hairuki kwa maji ya Tanganyika.

KADI NI DAFTARI LA DENI

Kadi tunayoisema si ile inayokata fedha zako mwenyewe zilizoko benki. Ni kadi ya mkopo. Kila aliyewahi kuchukua unga dukani akaandikwa kwenye daftari anaielewa kadi hii bila kufundishwa. Benki inamlipa mwenye duka leo, na mwisho wa mwezi inakuletea wewe hesabu. Ukilipa yote kabla ya tarehe, hudaiwi riba. Ukilipa kidogo ukaacha kingi, kile ulichoacha kinaanza kuzaa. Mwaka 2024 wastani wa riba ya kadi huko Marekani ulipita asilimia 21 kwa mwaka. Duka la mtaani likitoza hivyo, sisi wote tungesema mwenye duka hana huruma.

Kadi ya namna hii ilianza kujulikana mwaka 1950, wakati kampuni ya Diners Club ilipowapa wafanyabiashara wa New York kadi ya kulia hotelini bila fedha mkononi. Mwaka 1981 shirika la ndege la American Airlines likaanzisha mpango wa kuwahesabia abiria wake maili walizosafiri, wakifikisha kiasi fulani wapewe safari. Mwaka 1987 shirika hilo na Citibank wakaunganisha mambo hayo mawili. Tangu hapo mtu hahitaji kusafiri ili apate maili. Anahitaji kununua tu. Kila dola anayotumia inaandikiwa maili moja, mbili, au zaidi, na maili zikitosha anapewa kiti ndani ya ndege.

Ukitazama juu juu, utasema hawa mabwana wa benki wana ukarimu. Hebu tufungue daftari lao tuone.

FEDHA ZINATOKA WAPI

Kwanza, zinatoka dukani. Marekani, mteja akilipa dola 100 kwa kadi ya mkopo, mwenye duka hazipati zote 100. Kiasi cha dola 2 hadi 3 kinabaki kwa benki na kampuni za kadi. Mwenye duka hakubali hasara hiyo iwe yake. Anapandisha bei kidogo katika kila kitu, na bei hiyo inamhusu kila anayeingia, mwenye kadi na asiye na kadi. Mwenye kadi analipa bei iliyopandishwa, kisha sehemu inamrudia kwa njia ya maili. Mfagiaji anayelipa fedha taslimu analipa bei ile ile, wala hakirudi kitu.

Jambo hili halikubuniwa na vyama vya wafanyakazi. Mwaka 2010 wataalamu wa Benki Kuu ya Marekani, tawi la Boston, walipiga hesabu hiyo. Walikuta kwamba kwa wastani kila nyumba inayotumia fedha taslimu inawalipia wenye kadi dola 149 kwa mwaka, na kila nyumba yenye kadi inapokea dola 1,133 kutoka kwa wasio na kadi. Mnofu unatoka kwenye sahani ndogo kwenda kwenye sahani kubwa.

Pili, fedha zinatoka katika riba. Anayelipa deni lake lote kila mwezi anakula maili bure. Anayeshindwa kulipa yote, kwa sababu mtoto ameugua au kiwanda kimepunguza saa za kazi, ndiye anayelipa riba, na riba hiyo ndiyo inayosaidia kununua maili za yule wa kwanza. Utafiti mwingine wa wataalamu wa fedha, uliotolewa na Benki Kuu ya Marekani mwaka 2023, ulikuta kwamba kwa njia hii dola bilioni 15 zinahama kila mwaka, kutoka kwa watu wenye elimu ndogo kwenda kwa wenye elimu kubwa, na kutoka kwa maskini kwenda kwa matajiri. Mwaka huo huo deni la Wamarekani kwenye kadi lilivuka dola trilioni moja kwa mara ya kwanza.

Mtu atauliza: je, serikali yao haikuweka kikomo cha riba? Majimbo mengi yalikuwa nacho. Lakini mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba benki inaweza kutoza riba inayoruhusiwa katika jimbo lake, hata kama mteja anakaa jimbo lingine. Mara South Dakota ikaondoa kikomo chake, na mwaka 1981 Citibank ikahamishia huko biashara yake ya kadi. Ndugu, hayo si mageni kwetu. Mwenye mtaji hutafuta mahali ambapo sheria imelala, akajenga nyumba hapo.

Na mashirika ya ndege nayo? Yamegundua kwamba kuuza maili kwa benki kunalipa vizuri. Mwaka 2023 shirika la Delta lilipokea dola bilioni 6.8 kutoka American Express kwa biashara hiyo. Mwaka 2020, wakati wa Korona, ndege zilipolala chini, shirika la United liliweka mpango wake wa maili kuwa rehani likakopa mabilioni ya dola. Hiyo ndiyo mali inayoitwa zawadi. Zawadi gani inayoweza kuwekwa rehani?

Hatusemi haya ili tuwatukane wafanyakazi wa Marekani wenye kadi. Hata shirikisho lao kubwa la vyama, AFL-CIO, liliunda mwaka 1986 shirika la Union Privilege, na kadi ya mkopo ikawa mojawapo ya huduma za wanachama. Waliona kwamba mwanachama atakopa tu, basi heri akope kwa masharti yaliyojadiliwa na chama chake. Tunawaelewa. Mtu anaishi ndani ya soko alilolikuta. Lakini kuishi sokoni si sawa na kusifu soko.

NANI ANAIPATA AKIWA HAPA

Sasa tuje kwa ndugu zetu. Kuanzia mwaka 2007 Marekani ilichukua maelfu ya Warundi waliokimbia mwaka 1972 na kuishi miaka mingi katika kambi za Tanzania. Wengine walifuata baadaye kwa njia mbalimbali. Baadhi yao sasa wana uraia au kibali cha kudumu, na wapo wanaorudi kukaa na wazazi au kufanya kazi katika mashirika. Hao ndio wanaoweza kufikiria kadi hiyo, pamoja na wageni wa Kigobe wenyewe.

Benki ya Marekani inataka mambo matatu. Inataka namba ya utambulisho ya huko, ambayo mtu huipata anapofanya kazi au kulipa kodi. Inataka anwani ya nyumba yenye mtaa. Kwa kanuni zilizofuata sheria ya mwaka 2001 ya kupambana na ugaidi, sanduku la posta halitoshi. Na inataka historia ya kukopa na kulipa, maana Marekani mtu ambaye hajawahi kudaiwa haaminiki kuliko mtu anayedaiwa akalipa. Historia ya hapa kwetu, hata kama umelipa madeni yako yote kwa uaminifu tangu ujana, huko haihesabiki.

Kwa hiyo mwenye haki hiyo aombe kadi wakati bado anaishi huko, kabla hajafungasha. Aangalie kama kadi inatoza ada ya matumizi ya nchi za nje, kwa sababu nyingi hutoza hadi dola 3 katika kila 100, na ada hiyo peke yake inameza maili zote. Aangalie pia ada ya mwaka. American Express Platinum, mojawapo ya kadi zinazosifiwa sana na wasafiri, ilipandishwa ada mwaka 2025 kutoka dola 695 hadi 895. Kwa kiwango rasmi hizo ni kama faranga 2,600,000. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa Bujumbura mwaka 1988, ambacho kilidumu kwenye karatasi zaidi ya miaka 30 wakati vyama vikidai kibadilishwe, kilikuwa faranga 160 kwa siku. Kwa kima hicho mtu angefanya kazi siku zaidi ya 16,000, yaani miaka 44 bila kupumzika Jumapili, ili alipe ada ya kadi ya mwaka mmoja.

Asiye na haki hiyo tunamwonya kama ndugu. Akija mtu akikwambia lete fedha kidogo nikutafutie kadi ya Marekani, mwulize namba ya utambulisho itakuwa ya nani, na anwani itakuwa ya nani. Kuandika anwani ambayo hukai ni kuidanganya benki, na uongo huo una kesi. Kama ndugu yako aliyeko Marekani anataka kukuongeza katika kadi yake, hilo linaruhusiwa katika benki nyingi, lakini jueni wote wawili kwamba kila utakachonunua ni deni lake yeye. Undugu mwingi umevunjika kwa fedha ndogo kuliko hizo.

HESABU YA BUJUMBURA

Tuseme mtu ameipata kadi, na hana ada wala riba. Je, itamfaa hapa? Kadi hiyo inapokelewa katika hoteli chache kubwa, maduka machache na baadhi ya mashine za benki. Sokoni, kwenye basi na kwa muuza mkaa hawaijui. Na hata pale inapopokelewa, iko hesabu nyingine.

Wote mnajua kwamba dola ina bei mbili hapa kwetu. Mwezi Mei mwaka 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga. Dola iliyokuwa kama faranga 2,080 ikapita 2,800. Mwaka 2025 bei rasmi ilikuwa inakaribia 3,000, wakati mitaani dola ilipita 7,000. Kadi haiendi mitaani. Kadi hutumia bei rasmi.

Chukua chakula cha hotelini cha faranga 70,000. Kwa kadi, kwa bei ya faranga 2,900, mgeni anakatwa dola 24. Anaandikiwa maili labda 72, ambazo thamani yake haizidi dola moja. Lakini kwa bei ya mitaani chakula hicho ni dola 10 tu. Basi ili apate dola moja ya maili, amepoteza dola 14. Hatusemi hivyo ili mtu aende kubadilisha fedha kinyume cha sheria. Tunasema hivyo ili mjue kwamba hapa Bujumbura kadi hiyo, pamoja na sifa zake zote, ni kama mwavuli wa karatasi.

Maili zenyewe zinaweza kutumika, hilo ni kweli. Ethiopian Airlines na Brussels Airlines, zinazokuja katika uwanja wa Melchior Ndadaye, zimo katika umoja mmoja na United. Mwenye maili za United anaweza kuomba kiti humo. Kwa mtu aliyezikusanya akiwa Marekani, akilipa deni lake kila mwezi, safari ya kuja kumzika mama yake inaweza kutoka humo. Hatumwonei wivu. Ila asiseme ni bure. Aseme: imelipwa, ila si na mimi.

KWA NINI MKULIMA WA CHAI AJALI

Mfanyakazi wa Teza au Rwegura atasema: mimi nachuma chai, mambo ya kadi yananihusu nini? Yanakuhusu, ndugu. Nchi hii hupata dola kwa chai na kahawa kabla ya kuzipata kwa kitu kingine chochote unachokiona shambani. Dola zikiwa haba, mafuta ya gari yanakosekana, nauli inapanda, sukari na sabuni zinapanda. Jani unalolichuma wewe linauzwa kwa dola. Mshahara wako unalipwa kwa faranga. Kati ya jani na faranga, wako watu wengi waliosimama, na kila mmoja anakata kidogo.

Huo ndio ufundi wa kadi, na ndio maana tumeueleza kirefu. Ada inafichwa ndani ya bei. Faida inapewa jina la zawadi. Na mzigo unashuka ngazi moja moja mpaka unamfikia mtu ambaye hana wa kumshushia. Mfanyakazi akiujua ufundi huo kwenye kadi ya Mmarekani, atautambua pia anapoukuta kwake.

Atautambua Kigobe. Tuchukue mfano. Mpishi alipangiwa mshahara wa faranga 200,000 mwanzoni mwa mwaka 2023. Mwajiri wake anayelipwa kwa dola alikuwa akitoa dola 96 kwa bei rasmi. Mshahara ukibaki pale pale, leo anatoa chini ya dola 70, hata bila kugusa bei ya mitaani. Mpishi hakuacha kupika. Bei ya maharage haikushuka. Nani basi amepewa zawadi? Tofauti hiyo ni maili za mwajiri, na mpishi ndiye aliyezilipia.

Atautambua pia kwenye simu. Siku hizi waajiri wengi hulipa mishahara kwa simu. Ni jambo zuri, mtu hatembei na fedha usiku. Lakini anapozitoa anakatwa ada. Mshahara uliokubaliwa mezani si ule unaofika mkononi.

TUNATAKA NINI

Malalamiko bila madai ni wimbo tu. Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, yajadiliwe katika matawi kabla ya mazungumzo yajayo na waajiri.

Kwanza, kila mkataba wa mfanyakazi ambaye mwajiri wake analipwa kwa fedha za kigeni uwe na kifungu cha kutazama upya mshahara kila bei rasmi ya dola inapobadilika kwa kiasi kikubwa. Hatudai tulipwe dola. Tunadai faranga zisituachie sisi peke yetu hasara.

Pili, ada ya kutoa mshahara kwenye simu ilipwe na mwajiri, kwa sababu yeye ndiye aliyechagua njia hiyo. Mshahara ni ule unaoshikwa.

Tatu, katika mahoteli na mikahawa, bakshishi inayoandikwa na mgeni kwenye mashine ya kadi ihesabiwe mbele ya wafanyakazi na kugawanywa. Mgeni aliyelipa kwa karatasi ya mashine alitaka kumshukuru mhudumu, hakutaka kuiongezea hoteli mapato.

Nne, tujijengee mkopo wetu. COOPEC ziko, na vikundi vya akiba viko katika vilima na mitaa yote. Mkopo wa kikundi hauna maili wala ndege kwenye picha, lakini riba yake tunaipanga wenyewe, na inarudi kwetu mwisho wa mwaka. Anayechelewa kulipa tunajua kama ameugua au ni mvivu, maana tunakaa naye. Benki ya South Dakota haijui.

Wako watakaotuambia kwamba tunaogopa maendeleo. Hatuyaogopi. Mtoto wa mwanachama akiwa Marekani, akashika kadi hiyo kwa akili na kuilipa yote kila mwezi, tutampongeza, na akija kututembelea tutampokea uwanjani. Lakini chama cha wafanyakazi hakikuundwa ili kumfundisha mtu mmoja namna ya kupanda ndege kwa fedha za mwenzake. Kiliundwa ili yule anayelipa bei iliyopandishwa ajue kwamba analipa, ajue anamlipa nani, na awe na wenzake wa kusimama nao siku ya kudai.

Matawi yalete majibu yao juu ya madai haya manne kabla ya mkutano mkuu.

Umoja ni nguvu.